Mwalimu Niliyemwita Maksai

Jumapili, katikati ya Machi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, kisha likatoka jua la kuchoma, mvuke ukapanda kutoka kwenye mawe yote ya mlimani. Hapa Buhongwa mvua ikikatika namna hiyo, upepo unaotoka upande wa barabara ya Shinyanga huleta harufu ya mashudu ya pamba, sijui yanatoka stoo ya nani siku hizi. Ni harufu nzito, yenye mafuta mafuta, kama karanga zilizosahaulika jikoni. Wengine wanaizibia pua. Mimi nikiinusa naiona nyumba yetu ya Mkolani, miaka ya tisini, nikiwa darasa la sita, na naliona shati la baba likining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, shati la kazi ambalo mama alilifua mara kwa mara lakini harufu ile haikutoka. Baba alikuwa hana kazi tena. Shati lilibaki na harufu ya kazi.

Alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Watu wazima walisema soko huria limekuja, wanunuzi binafsi wanaifuata pamba huko huko vijijini, kiwanda hakina cha kuchambua. Sisi watoto tulidhani soko huria ni soko kweli, lenye mabanda na wauza nyanya, na nakumbuka tukiulizana limejengwa wapi maana hatukuwahi kulipita. Baba akapunguzwa pamoja na wenzake wengi. Akapewa kiinua mgongo, tukahama kutoka mjini, tukaenda kukaa Mkolani jirani na baba mdogo, ambako wakati ule mashamba yalikuwa bado mengi kuliko nyumba. Akanunua maksai wawili na plau, akaunganisha na wawili wa baba mdogo, wakawa jozi mbili za kulimia. Maksai, kwa asiyewajua, ni madume ya ng'ombe yaliyohasiwa yakiwa madogo ili yatulie na kukubali nira. Katika jozi ya mbele, upande wa kushoto, alikuwepo mwekundu mwenye paji jeupe ambaye baba alimwita Karani. Mama alicheka alipolisikia jina hilo, halafu akaacha kucheka, akaenda kumwekea Karani pumba.

Msimu wa kulima ndio ninaoutaka leo. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, na kabla ya shule mimi nilitangulia mbele ya maksai kuwaonyesha njia, baba yuko nyuma kwenye plau anawaimbia. Sisi Wasukuma hatulimi kimya. Baba aliimba kwa Kisukuma, wimbo wa kutunga papo hapo, akimsifu Karani kwa paji lake, kwa shingo yake, kwa namna anavyokata kona bila kuvunja tuta. Sikuona kama ni ushairi. Niliona ni baba anaongea na ng'ombe wake. Udongo mbichi uligeuka mweusi na kunuka vizuri, yangeyange walitufuata wakidona minyoo, na miguu ya maksai ikichomoka kwenye tope ilitoa sauti ambayo nilipofika darasani niliandika hivi: chwopu, chwopu.

Niliiandika kwa sababu mwalimu alitutuma. Mwalimu Byarugaba alikuwa amehamia shuleni kwetu mwaka ule akitokea Kagera, Mhaya, Mlutheri, kijana mrefu mwenye suruali moja ya kijivu iliyonyooshwa kila siku kama mpya. Alifundisha Kiswahili. Walimu wengine mshahara ukichelewa walikuwa wanauza maandazi na barafu dirishani, siwalaumu, walikuwa na watoto. Yeye hakuwa na mke wala mtoto, na watu walishaanza kulisema hilo, hasa wanawake wa kisimani. Somo la ushairi wengine walilipita haraka kwa sababu kwenye mtihani lilikuwa maswali machache tu. Yeye alilipenda. Alituambia kila mmoja alete sauti moja kutoka kwao, aiandike kama inavyolia, asitumie neno la kuieleza. Mmoja akaleta kibuyu cha kusukia maziwa, kwacha kwacha kwacha. Mwingine akaleta mvua inayoanza kwenye bati, ta, ta, ta-ta. Mimi nikaleta chwopu yangu. Akasema hizo zinaitwa tanakali sauti, na kwamba mshairi asiyekuwa nazo ni kama mtu anayepika bila moto. Halafu akatuuliza, je, mimi sasa hivi nimetumia nini? Tashibiha, akasema, kwa sababu ya hilo neno kama.

Mizani, yaani idadi ya silabi katika mstari, tulihesabu kwa kupiga madawati, nane huku na nane kule, mpaka mwalimu wa darasa jirani akaja kuchungulia. Vina nilivipata kwa njia nyingine. Nyuma ya shule kulikuwa na jiwe kubwa, moja la haya mawe yetu yaliyobebana, na ukisimama mbali kidogo ukapaza sauti, jiwe linakurudishia. Lakini halirudishi yote. Linarudisha mwisho wa maneno yako. Nilikwenda pale wakati wa mapumziko nikasema mistari, nikagundua kwamba mistari yenye vina vinavyolingana jiwe linaijibu kwa neno moja lile lile, na isiyolingana inajibiwa ovyo. Tangu siku ile sikukosa vina. Hesabu niliendelea kuzikosa.

Kilichonishinda ni sitiari. Tashibiha ilikuwa rahisi, unaweka kama, unamaliza. Kwenye sitiari unaondoa kama, unamwambia mtu yeye ndiye kitu chenyewe, na mimi niliona huo ni uongo. Nilimwambia mwalimu hivyo, kwa woga. Hakunikaripia. Akasema unachagua sifa moja au mbili za kile kitu, unamvika mtu, na sifa nyingine zote unaziacha pale pale ulipozikuta. Ukisema mtoto huyu ni simba, hujasema ana mkia. Darasa likacheka, na mimi nikaandika: sifa nyingine unaziacha. Niliamini nimeelewa.

Nyumbani wakati huo kulikuwa na jambo. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa ameolewa Sengerema na amejifungua pacha. Aliagiza kwa mtu wa ferry ya Kamanga kwamba anaomba msichana wa kumsaidia kulea, na baba akaona msichana ni mimi. Si kwamba baba alikuwa mkatili. Ndugu yake alikuwa amezidiwa, na watu walikuwa wanasema waliomaliza shule wako mitaani wanauza karanga, sasa shule ni ya nini. Mama hakukubali, akasema kwa upole lakini kila siku, akiwa anasonga ugali, akiwa anafua, akiwa anamvisha nguo mdogo wangu. Mwisho baba akasema siku ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili atakuja mwenyewe amwulize mwalimu. Kama mwalimu atasema mimi ni wa kusoma, nitabaki. Kama atasitasita, nitavuka ziwa kwenda kwa shangazi. Mama akaniambia nikiwa nateka maji, na kuanzia hapo sikulala vizuri, kwa sababu nilikuwa najijua kwenye hesabu.

Siku ya kufunga shule wazazi waliitwa, na Mwalimu Byarugaba alikuwa ameteua wachache wetu tughani ubeti mmoja mmoja wa kutunga wenyewe. Ubeti wangu, alioupitia na kuupa alama ya vema, ulisema shule yetu ni bustani. Bustani ya maua nilikuwa sijawahi kuingia. Niliiona kupitia uzio wa ofisi fulani mjini. Usiku wa kuamkia siku hiyo nikawaza kwamba baba atasikia habari za bustani, ataona mwanawe amejifunza maneno ya watu wengine, basi. Nikataka asikie kitu ambacho yeye mwenyewe anaweza kukipima. Nikatunga upya. Nilipiga mizani kwenye goti langu chini ya shuka ili nisiwaamshe wadogo zangu, na kulipokucha nilikuwa nao kichwani, na mwalimu hakuwa na habari.

Madawati yalitolewa nje yakapangwa penye kivuli cha lile jiwe. Wazazi walikaa mbele, walimu pembeni kwenye benchi lao, baba alikaa mwisho wa mstari akiwa na kofia magotini. Zamu yangu ilipofika nilisimama, nikaghani kwa sauti niliyozoea kulighania jiwe:

Mwalimu wetu maksai, wa mbele kule shambani,
Jua kali hakatai, avuta nira shingoni,
Akishiba hazubai, hapigi teke zizini,
Nyuma yake twajidai, twafuata mistarini.

Wanawake wa Mkolani walipiga vigelegele. Mzee mmoja aligonga fimbo chini, na baba alinyanyua shingo kama mtu aliyeitwa kwa jina. Nikafurahi, kwa muda mfupi. Maana kwenye benchi la walimu mmoja aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yanamcheza, na wavulana waliokuwa wamemaliza darasa la saba mwaka ule wakaanza kunong'onezana, nikalisikia neno moja lililokuwa linatembea kati yao, kuhasiwa. Mwalimu Byarugaba alikuwa ameshika kalamu na orodha ya waghani. Hakuandika kitu. Alisimama, akasema ahsante, anayefuata, bila kuniangalia. Ndipo nikafahamu kwamba mtu ambaye neno lake lilikuwa linaamua kama nitavuka ziwa, nimemwambia mbele ya kijiji kizima kwamba yeye ni ng'ombe asiye dume wala jike. Aliyeanza kucheka sitamtaja, naye alikuwa mwalimu mzuri wa jiografia.

Mkutano ulipokwisha nilijaribu kujichanganya na watu wanaoondoka, lakini baba alinishika bega akanipeleka kwenye benchi. Mwalimu alimwamkia, shikamoo mzee, baba akaitikia marahaba, akasema amekuja na swali moja kuhusu huyu mtoto.

"Kabla ya swali lako, mzee, mwulize kwanza kwa nini ameniita maksai mbele ya watu," akasema mwalimu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

Baba alimwangalia kama vile hakusikia vizuri. "Amekusifu, mwalimu."

"Kwa kuhasiwa?"

Nikaona neno linamfikia baba polepole, likamfika, na akaanza kucheka mpaka akavua kofia ambayo alikuwa ameshaivaa. Akaketi kwenye benchi bila kukaribishwa. Akaeleza, nusu Kiswahili nusu Kisukuma, kwamba hayo ya kuhasiwa kwa kweli hakuna anayeyaangalia, yalishapita utotoni mwa ng'ombe. Fahali ni wa kupigana na kuvunja uzio, nani amsifu mwalimu kwa hilo. "Maksai wa mbele ndiye anayesikia," akasema. "Yule wangu nikimwita jina, tena kwa sauti ya chini, anageuza sikio. Mke wangu mwenyewe hanisikii hivyo. Ukiwa na ng'ombe anayesikia, huyo huuzi. Hata njaa iingie, huyo huuzi."

Mwalimu aligeuka kwangu sasa, mara ya kwanza tangu nighani. "Wewe ulichukua sifa zipi?"

Nikasema kutangulia, na kuvumilia jua. Na kutopiga teke.

"Nyingine?"

"Niliziacha, mwalimu."

Akaichomeka kalamu mfukoni. "Basi mimi ndiye niliyekuwa naokota ulizoziacha," akasema, na kona ya mdomo wake ikalegea. Halafu akamwambia baba kwamba kwao angeitwa mgomba angelala usingizi mzuri sana.

"Mgomba?" Baba alishangaa kweli. "Si unazaa mkungu mmoja, unakatwa?"

"Unakatwa wakati mtoto wake ameshasimama pembeni. Kwetu boma lenye migomba halibaki tupu."

Baba alifikiri jambo hilo kwa makini, kama alivyofikiria bei ya ng'ombe. "Hapo nimekuelewa. Ila mimi usiniite mgomba."

"Na mimi maksai iwe leo tu, mzee."

Wakacheka wote wawili, na mimi sikujua kama naruhusiwa kucheka. Kisha baba akauliza swali lake. Mwalimu hakumjibu haraka. Alisema hesabu zinanishinda, na hilo lilikuwa kweli. Alisema nafasi za sekondari ni chache kiasi kwamba yeye hawezi kumwahidi mzazi yeyote, na hilo pia lilikuwa kweli, nikahisi maji ya ziwa yameshanifika magotini. Halafu akasema:

"Lakini anasikia. Huyu ukimwambia kitu kwa sauti ya chini, anasikia."

Sijui kama alilichagua neno hilo kwa makusudi. Miaka yote hii nimejiuliza. Inawezekana alikuwa anazungumzia masikio yangu ya vina tu, na mimi ndiye ninayempa ujanja ambao hakuwa nao. Ninachojua ni kwamba baba aliitikia kwa kichwa mara moja, akavaa kofia yake, na njiani kurudi nyumbani tukafika penye shamba letu. Pale alisimama akaangalia mistari tuliyolima asubuhi, akasema nimalize la saba, mengine tutayaona. Mama alipoambiwa hakupiga kigelegele. Alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda, akarudi na kuni ambazo hazikuhitajika.

Nililimaliza darasa la saba. Sekondari sikuchaguliwa, kama alivyosema. Mwalimu Byarugaba alihamishwa kabla sijamaliza, akaondoka na sanduku lake kurudi kwao kwa meli, na mwaka uliofuata tukasikia ameoa. Nina duka dogo hapa Buhongwa, sabuni, mchele, chumvi, vocha, na jioni naandika kidogo kama hivi, sina hakika kwa faida ya nani. Siwezi kusema ushairi umenilisha. Sitaki kumdanganya mtu. Lakini spika za matangazo zikipita barabarani zikitangaza kwamba fulani ni mkombozi wetu, au mhubiri akisema pesa ni mbegu, wateja wangu wengine huitikia na wengine hukasirika, na mimi kimoyomoyo nauliza amechukua sifa gani na ipi ameiacha, na ni nani ataiokota. Ni kazi ndogo ya kichwani, haichoshi, na inanifurahisha. Watoto wangu siku hizi wanasoma tamathali kwenye simu, maana ya kila moja imepangwa vizuri na mfano wake chini. Wanazijua nyingi kuliko nilivyozijua mimi. Sijui kama wana jiwe la kuwajibu, na pengine hawalihitaji.

Kuna upande mwingine wa habari hii, na nisipouandika nitakuwa sijatenda haki. Pacha wa shangazi hawakuacha kulia kwa sababu mimi nilibaki. Aliyevuka na ferry badala yangu alikuwa Milembe, binti wa baba mdogo, tuliyelingana umri. Yeye hakughani siku ile, na hakuna mwalimu aliyeulizwa habari zake. Wiki ile ile alifunga nguo zake kwenye kanga ya mama yake akaenda. Kwa miaka mingi nilipomwona nilitamani niwe na deni linaloweza kulipwa.

Leo mchana, mvua ikiwa imekatika, Milembe amekuja kunitembelea. Anafanya biashara ya samaki Kamanga, ana nyumba ya matofali ya kuchoma, ana vijana wanaomfanyia kazi, na amenenepa akapendeza. Tulipokuwa tunaparua samaki uani nilimwuliza, baada ya kuzunguka sana, kama aliwahi kuona amedhulumiwa. Aliendelea kuparua. Alisema shangazi alimpenda, kwamba yule pacha wa pili alikuwa mzito mgongoni kama gunia la dagaa wabichi, na kwamba usiku mwingine alilia akitaka kwao. Halafu akanitazama akiwa na magamba mpaka kwenye nyusi.

"Sasa ningesoma ningekuwa wapi, dada? Ningekuwa kama wewe, nimekaa Buhongwa nauza sabuni."

Nilicheka mpaka kisu kikanidondoka. Sijui kama amejibu swali langu au amelikwepa. Nadhani amefanya yote mawili. Jioni tumekula ugali wa muhogo na sato aliyekuja naye, tukamchemsha kwa nyanya na ndimu, na mchicha kidogo pembeni. Kichwa, ambacho kwetu ni cha mtu wa kuheshimiwa, nilimwekea Milembe, naye hakusema sitaki.